Je, Wajua? Breki za Haibridi Huharibika kwa Kukaa Bure

Gari la haibridi la kuchaji, kama Mitsubishi Outlander PHEV iliyoingia sokoni Japani mwaka 2013, hupunguza mwendo kwanza kwa mota yake, ambayo hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Pedi za breki hudumu. Raha, lakini nusu tu: breki zisizotumika sana huharibika.

Likiegeshwa Musoma, kwenye unyevu wa Ziwa Victoria, diski hushika kutu na pini za kalipa, kifaa kinachobana pedi, zikikauka grisi hukwama. Pedi ya ndani inaisha, ya nje bado nene! Mnunuzi wa gari lililotumika afunguliwe gurudumu, asichungulie kwa nje.

Betri ikijaa, mota hupunguza msaada wake wa breki. Anayeondoka Butiama na chaji kamili hutegemea zaidi pedi.

Kwenye haibridi ya Toyota Prius, mlango wa dereva ukifunguliwa, pampu ya breki huvuma ingawa gari limezimwa. Si ubovu, inajenga presha. Pampu hiyo huongozwa na kompyuta, kwa hiyo fundi wa Bunda anayetaka kutoa upepo kwenye breki anahitaji pia mashine ya kusomea kompyuta ya gari.

Februari 2010 Toyota iliyaita magari ya haibridi zaidi ya 400,000 yarekebishwe programu ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga: breki zilichelewa kidogo kwenye barabara mbovu au zenye utelezi.