Tiba ya Leza Ni Kulinda Nuru Iliyobaki

Katika maradhi yanayoinyemelea jamii yetu ya visiwani bila ya kubisha hodi, maradhi ya sukari yamo katika safu ya mbele. Wananchi wengi wamekwisha kuelewa kwamba sukari hudhoofisha mwili na hufanya jeraha la mguu likatae kupona. Ni wachache, hata hivyo, waelewao kwamba sukari hiyo hiyo huweza kumpofua mtu angali anakwenda kazini, anacheza bao barazani na kujiona mzima wa afya. Na wachache zaidi ndio wanaoielewa tiba ya leza ambayo hutumika kuuzuia upofu huo. Kwa kutoielewa, wapo wanaoikimbia, na wapo wanaoianza kisha wakaiacha njiani.

Mwandishi wa makala haya ametibiwa kwa leza macho yote mawili, na ameipitia miezi ya kupona hatua kwa hatua. Shabaha ya kuyaandika haya si kusimulia habari za nafsi yangu. Ni kuwaeleza wananchi, pamoja na viongozi wenye dhamana ya afya na ya kazi, nini hasa maana ya kupona baada ya tiba hii. Kwani kupona huku hakufanani na kupona homa, wala hakufanani na kutolewa mtoto wa jicho, ambako mgonjwa hufunguliwa kitambaa akaiona dunia upya.

Tuanze na maradhi yenyewe. Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina. Huo ndio unaopokea taswira ya kila tukionacho na kuipeleka kwenye ubongo, nao hulishwa na mishipa ya damu iliyo myembamba mno. Sukari inapozidi katika damu kwa miaka mingi, mishipa hiyo huharibika. Mingine huvuja, na mingine huziba. Sehemu za retina zilizokosa damu hulilia chakula, na mwili huitikia kilio hicho kwa kuotesha mishipa mipya. Lakini mishipa hiyo ni dhaifu, mithili ya ukuta uliojengwa kwa mchanga mtupu bila ya chokaa. Hupasuka upesi, damu ikamwagika ndani ya jicho, au huacha makovu yanayoivuta retina mpaka ikabanduka. Hapo ndipo mtu huamka asubuhi akaikuta dunia imeteremshiwa pazia.

Balaa kubwa la maradhi haya ni ukimya wake. Jicho haliumi, haliwashi, halitoi machozi. Mimi niligunduliwa katika uchunguzi wa kila mwaka, wakati nilipokuwa nikisoma gazeti bila ya taabu yoyote. Daktari alinitia dawa ya kupanua mboni, akatazama kwa utulivu, kisha akanieleza kwamba mishipa mipya imekwisha kuota katika macho yote mawili. Nikamwambia kuwa mbona naona vizuri. Akanijibu kwa upole: "Ndiyo maana tunataka kukutibu sasa."

Tiba hii ina historia yake, na inafaa kuijua ili tusidhani kwamba ni jambo la kubahatisha. Baada ya jua kupatwa mwaka 1945, daktari Mjerumani Gerd Meyer-Schwickerath aliona macho ya watu walioliangalia jua bila ya kinga, na jinsi mwanga ulivyoacha makovu madogo ndani yake. Akafikiri kwamba moto ule ule uliodhuru, ukielekezwa kwa kipimo na mahali maalumu, huenda ukaponya; na majaribio yake ya mwanzo aliyafanya kwa mwanga wa jua lenyewe. Mwaka 1960, Theodore Maiman alipowasha leza ya kwanza huko Marekani, matabibu wakapata mwanga unaoweza kulengwa kwa usahihi mkubwa zaidi.

Kisha ukafanywa mtihani mkubwa. Katika miaka ya 1970, madaktari wa Marekani waliwachukua wagonjwa wa sukari zaidi ya 1,700. Kila mgonjwa alitibiwa jicho moja kwa mwanga, na jicho la pili likaachwa. Ilipofika mwaka 1976, tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba iliamuliwa yale macho yaliyoachwa nayo yaruhusiwe kutibiwa. Hatari ya kupoteza nuru kwa kiwango kikubwa ilikuwa imepungua kwa zaidi ya nusu katika macho yaliyotibiwa. Macho mawili ya mtu mmoja, yanayolishwa na damu moja, yalikuwa yamefuata njia mbili.

Namna leza inavyofanya kazi ni hivi. Daktari huunguza kwa makusudi madoa madogo madogo kwenye pembezoni mwa retina, mamia kwa mamia, ili sehemu zile zinazolilia damu zinyamaze. Zikisha kunyamaza, mishipa mipya hukosa sababu ya kuota, na aghalabu ile iliyokwisha kuota hunyauka. Ni kama mkulima anayekata njia ya moto katika shamba lake: hutoa mikarafuu michache ya ukingoni ili shamba lisalimike. Pembezoni mwa nuru hutolewa mhanga ili kati yake ibaki, na hiyo kati ndiyo tunayosomea, ndiyo tunayotambulia nyuso za watoto wetu.

Mimi nilitibiwa Dar es Salaam, kila jicho vikao vitatu vilivyopishana kwa wiki kadhaa. Hakuna kisu wala uzi. Mgonjwa hutiwa matone ya ganzi, akaegemeza kidevu kwenye chombo, akawekewa lenzi juu ya jicho, na mwanga wa kijani ukaanza kupiga mfululizo. Baadhi ya mapigo hayahisiki kabisa. Mengine huchoma kama sindano ndani ya kichwa. Kikao kimoja hakikutimia nusu saa.

Kazi iliyo ndefu ni ya baadaye. Siku ile ile, nilipotoka nje, kila kitu kilikuwa na rangi ya waridi iliyofifia, na jua la bandarini lilinichoma kama kwamba ni mara yangu ya kwanza kuliona. Nilivaa miwani ya giza na kushikwa mkono na ndugu yangu mpaka ndani ya boti. Jioni yakaja maumivu mazito juu ya nyusi, yakatulia kwa vidonge vya kawaida vya maumivu. Siku ya pili rangi ya waridi iliondoka, ukabaki ukungu. Kwa muda wa wiki mbili hivi herufi za gazeti ziliyumbayumba, kwa sababu sehemu ya kati ya retina huweza kuvimba kidogo baada ya leza. Daktari alikuwa amekwisha kunionya juu ya hilo. Lau hakunionya, ningedhani kwamba nimeharibiwa jicho.

Hapa nataka kuwasisitizia wauguzi na madaktari wetu umuhimu wa maelezo. Mgonjwa aliyeambiwa mapema kwamba kesho ataona ukungu, huuvumilia ukungu huo. Asiyeambiwa huukimbilia uvumi. Katika wiki zile nililetewa ushauri wa kila namna: wengine walitaka nitie asali katika jicho, wengine maji ya majani. Vyote hivyo nilivikataa, kwani jicho si mahali pa kujaribia. Nilimwuliza daktari kuhusu udhu na sijda, maana hilo ni jambo linalomshughulisha kila Muislamu. Akanieleza kwamba kwa kuwa jicho langu halikukatwa, na ndani yake damu haikumwagika, sina haja ya kuyabadili; lakini ambaye jicho lake limekwisha kuvuja damu, huyo asikilize masharti ya daktari wake.

Likawapo na jambo jingine linalotokana na wema wa watu wetu. Wageni waliokuja kunijulia hali walikuja na haluwa, na soda, na mikate ya sukari. Ukarimu huu ni sifa yetu, na haifai kuuvunja. Lakini yafaa tujue kwamba kumpelekea mgonjwa wa sukari bakuli la haluwa ni kuukoleza ule moto ambao daktari anauzima. Leza haiponyi sukari. Sukari ikiachwa juu, na shinikizo la damu likiachwa juu, mishipa itaendelea kuharibika, na yote yaliyofanywa yatakuwa kazi ya kuteka maji kwa pakacha.

Baada ya miezi mitatu nilipimwa tena. Mishipa mipya ilikuwa imenyauka. Je, nilikuwa naona vizuri zaidi kuliko kabla ya tiba? La. Nilikuwa naona vile vile, na katika baadhi ya mambo pungufu kidogo. Usiku siku hizi naona kwa taabu zaidi. Naendapo msikitini alfajiri nachukua tochi, hata katika uchochoro nilioupita tangu utotoni. Pembeni pia pamepungua, na mtu akinijia kwa ubavuni huweza kunishtua. Hiyo ndiyo bei ya tiba, na daktari aliitaja kabla sijakubali.

Na hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Watu wetu wamezoea kuipima tiba kwa kile inachokiongeza. Tiba ya leza lazima ipimwe kwa kile kisichopotea, na kisichopotea hakina mtu wa kukishangilia. Katika vikao vyangu nilijuana na mvuvi mmoja wa Pemba, mtu mcheshi na mwenye akili. Alitibiwa jicho la kulia kwanza. Tulipoonana mara ya pili alinambia: "Ndugu yangu, nimelipa nauli ya kwenda na kurudi, nimekosa bahari siku nne, na nuru ni ile ile." Wenzake wa diko walikuwa wamemcheka. Vikao vya jicho la kushoto hakuvihudhuria. Nilipomwona tena, miezi mingi baadaye, alikuwa ameongozwa na mwanawe. Jicho la kushoto lilikuwa limejaa damu. La kulia, lile lililotibiwa, lile ambalo "nuru ni ile ile", ndilo alilonitambulia.

Simlaumu mvuvi yule. Mtu anayeishi kwa riziki ya siku hupima siku zake. Lawama, ikiwa ipo, ni yetu sote tunaomwachia mgonjwa mzigo wa nauli, mzigo wa kuelewa, na mzigo wa kukosa kazi, kisha tukamwita mzembe.

Kwa hiyo yapo mambo ya kutekelezwa. Kila mwenye sukari akapimwe macho kwa dawa ya kupanua mboni angalau mara moja kwa mwaka, hata kama anaona vizuri. Na mama mjamzito mwenye sukari asisubiri mwaka. Aliyeanza vikao vya leza avimalize vyote. Na akiona ghafla vidoa vyeusi vingi vikielea, au mimweko ya mwanga, au pazia linalofunga upande mmoja, asilale nalo. Aende hospitali siku ile ile.

Wakuu wa idara na waajiri nao waelewe kwamba ruhusa ya siku moja haitoshi kwa mtu anayetibiwa vikao sita, na anayehitaji kuvuka bahari. Mfanyakazi anayenyimwa wiki chache leo huweza kuwa mtegemezi wa maisha kesho. Masheha na viongozi wa matawi wanawajua wagonjwa wa mitaani mwao kwa majina. Kuwakumbusha tarehe za kliniki ni kazi isiyohitaji bajeti.

Serikali, kwa upande wake, ina mfano wa kuutazama. Huko Uingereza, tangu mwaka 2003 ulianzishwa mpango wa taifa wa kuwapiga picha za retina wagonjwa wa sukari. Takwimu za mwaka 2009 hadi 2010 za Uingereza na Wales zilionesha kwamba, kwa mara ya kwanza katika nusu karne, maradhi haya hayakuwa tena sababu kuu ya upofu kwa watu wenye umri wa kufanya kazi, na watafiti wakautaja uchunguzi huo miongoni mwa sababu. Picha hizo hazihitaji daktari bingwa kuzipiga. Muuguzi aliyefunzwa huweza kuzipiga wilayani, zikasomwa na bingwa aliye mbali. Kwa nchi ya visiwa, hiyo ni njia ya kuivusha picha badala ya kumvusha mgonjwa. Zipo pia sindano mpya za ndani ya jicho zinazosaidia sana, lakini hizo hutaka kurudiwa mara kwa mara. Na kwa mtu ambaye safari zake hutegemea boti na hali ya bahari, leza iliyokamilishwa bado ina nafasi yake.

Tulipoahidiana kupambana na ujinga, maradhi na umaskini, hatukusema kwamba tutapambana na maadui hao mmoja mmoja. Katika upofu wa sukari wote watatu hukutana: maradhi hupofua, ujinga humchelewesha mgonjwa, na umaskini humzuia bandarini. Wahenga walisema kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta. Ukuta wa jicho ukianguka kabisa, mara nyingi hapana fundi wa kuujenga tena. Ufa tunaujua ulipo, na chombo cha kuuzibia kipo. Kilichobaki ni kila mwenye dhamana kutimiza sehemu yake, wakati nuru ingalipo.