Tembo na Tai: Sarafu Wakati wa Vita

Boma la kale la Arusha, lililojengwa na Wajerumani mnamo 1900 na ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, lililindwa na askari waliolipwa kwa rupia za fedha. Kwa rupia hizo hizo Waarusha na Wameru walidaiwa kodi. Upande mmoja wa sarafu palichorwa kichwa cha Kaisari Wilhelm II, amevaa kofia ya vita yenye tai juu yake. Maneno yanayomzunguka si ya Kijerumani bali ya Kilatini: GUILELMUS II IMPERATOR.

Kwa nini mtawala wa Berlin ajitambulishe kwa mkulima wa Meru kwa lugha ya Warumi? Jibu linatupeleka mbali. «Imperator» lilikuwa jina la heshima ambalo askari wa Roma walimpa jemadari mshindi, na cheo chenyewe cha Kaisari kimetokana na jina la Caesar. Huyu, alipoanza vita dhidi ya Warumi wenzake mwaka 49 K.K., alitwaa hazina ya Roma na kutoa dinari za fedha zenye tembo anayekanyaga kitu kama nyoka. Chini yake limeandikwa CAESAR. Askari aliyepokea mshahara huo hakuhitaji kuelezwa ni nani amlipaye. Miaka kumi na saba baadaye Marcus Antonius naye aliwalipa wanajeshi wake kwa dinari zenye merikebu upande mmoja na tai wa vikosi upande wa pili. Tai alipendeza, lakini fedha ilikuwa imepunguzwa na shaba kuongezwa.

Vita ya 1914 ilileta shida kama hiyo kwetu. Manowari za Uingereza zilifunga pwani, rupia mpya zikakosekana, na noti za dharura zilizochapwa nchini hazikuaminiwa na watu. Ndipo mnamo 1916 karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Hela 5 na hela 20 zilitengenezwa kwa mabaki ya shaba, hata maganda ya risasi; rupia 15 kwa dhahabu ya Sekenke. Juu ya dhahabu hiyo alichorwa, ajabu iliyoje, tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima! Lakini Arusha ilikwisha kutekwa na Waingereza mwezi Machi, na Tabora ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji tarehe 19 Septemba.

Picha yaweza kujisifu. Uzito hausemi uongo. Rupia moja ya Wajerumani ilikuwa na gramu 11.66, na sehemu 917 katika 1,000 zilikuwa fedha. Mwalimu mwenye rupia kuukuu na aipime kwa mzani, kisha aining'inize kwa uzi ndani ya maji na kuipima tena. Itapungukiwa na gramu 1.13 hivi. Sarafu yenye uzito uo huo ikipungukiwa zaidi ya hapo, fedha yake imechanganywa kupita kiasi.