Riwaya za kale za Uingereza zingali na la kumwambia mjane wa Makwasinyi

MARA tu baada ya mazishi, mjane aliyeachwa na mabinti watatu anamwona mke wa mwanawe wa kambo akiingia nyumbani na mtoto na watumishi, bila kutoa taarifa, na kujifanya mwenye mji. Miezi kadhaa baadaye mjane huyo na binti zake wanafungasha virago na kuhamia nyumba ndogo waliyopewa na jamaa yao aishiye mbali.

Kisa hiki kingeweza kusimuliwa Makwasinyi, kijiji kilicho chini ya Mlima Kasigau katika eneobunge la Voi, na asitokee wa kushangaa. Hata hivyo, huo ndio mwanzo wa Sense and Sensibility, riwaya ya Jane Austen iliyochapishwa London mwaka wa 1811. Jina la mwandishi halikutajwa. Msomaji alielezwa tu kwamba kitabu kimeandikwa na bibi fulani.

Sura ya pili ya riwaya hiyo inastahili kusomwa polepole. Mwana wa kambo, John Dashwood, alimwahidi babake aliyekuwa akikata roho kwamba angewatunza mama huyo na mabinti zake. Anakusudia kuwapa dada zake pauni 1,000 kila mmoja. Mkewe anaona ni nyingi mno, nazo zinateremka hadi 500. Kisha wanaona heri mama alipwe pauni 100 kila mwaka; mke anaonya kwamba watu wanaolipwa hivyo hawafi upesi. Zinabaki pauni 50 za mara mojamoja. Mwishowe wanaafikiana kwamba marehemu hakukusudia fedha hata kidogo, bali wajane wasaidiwe kuhamisha vyombo na kupelekewa samaki na nyama ya mwituni msimu wake ukifika. Hakuna aliyepaza sauti wala kumtukana mjane. Aliyewahi kuketi katika kikao cha ukoo baada ya matanga anayafahamu vyema mazungumzo ya aina hiyo.

Wengi huzichukulia riwaya hizi kuwa hadithi za mapenzi, za mabibi wanaokunywa chai wakisubiri kuposwa. Usomaji huo unaliacha kando jambo lenye uzito zaidi, yaani ni nani anayemiliki nyumba, na mwanamke atakula nini mwenye nyumba akifa. Utetezi wa haki za wanawake katika vitabu hivi umo zaidi katika hesabu za pauni kuliko katika hotuba za wahusika.

Mfano ni Jane Eyre, iliyotoka mwaka wa 1847. Charlotte Brontë aliiandika kwa jina la Currer Bell, nao wadogo zake wawili, Emily na Anne, wakajiita Ellis na Acton. Jane, yatima aliye mwalimu wa nyumbani, anamkimbia Bwana Rochester baada ya kugundua kwamba ana mke aliyefungiwa darini. Anarudi akiwa na mirathi ya ami yake, pauni 20,000, ambazo amezigawa sawa kwa sawa na binamu zake watatu. Anarudi kwa hiari, na kwa pesa zake. Ila wasomaji hawamkumbuki sana Bertha, yule mke wa darini. Yeye aliolewa akiwa na mali ya pauni 30,000, ambayo iliangukia mikononi mwa mume. Huenda mwandishi hakukusudia tuwapime wanawake hawa wawili kwa mizani moja, lakini takwimu zimo kitabuni.

Naye George Eliot, jina ambalo Mary Ann Evans alijibandika, alilisogeza suala hili mbele zaidi katika Middlemarch, iliyotolewa kati ya 1871 na 1872. Mzee Casaubon anafariki akiacha nyongeza ya wasia: mkewe kijana, Dorothea, atapoteza mali yote ya marehemu akithubutu kuolewa na Will Ladislaw. Mume yuko kaburini, lakini bado anamchagulia mkewe wa kuishi naye.

Msomaji wa Kenya asicheke upesi. Sheria ya Urithi, iliyopitishwa mwaka wa 1972 na kuanza kutumika 1981, ilimpa mjane aliyeachwa na watoto haki ya kuitumia mali ya mumewe maisha yake yote, lakini haki hiyo ikakoma pindi alipoolewa tena. Mwanamume aliyefiwa na mkewe hakuwekewa sharti kama hilo. Tangu Katiba ya 2010, kifungu hicho kimepingwa mahakamani kwa hoja kwamba kinawabagua wanawake. Sheria hiyo pia iliziacha nje wilaya 12, zikiwemo Tana River, Lamu na Kajiado, ambako mashamba na mifugo ya asiyeacha wasia yaliendelea kurithiwa kwa mila. Taita Taveta haikuwamo katika orodha hiyo. Kwa hivyo tangu 1981 binti wa Kasigau amekuwa na haki kisheria ya kurithi shamba la babake sawa na kakake, hata kama aghalabu mila imesema vingine.

Kuna uhusiano mwingine usiofahamika na wengi. Katika zama za Austen na Brontë, mwanamke wa Kiingereza aliyeolewa hakuwa na mali yake mbele ya sheria ya kawaida. Mshahara wake ulikuwa wa mume. Bunge la Uingereza lilianza kulegeza kamba mwaka wa 1870, kisha 1882 likapitisha Sheria ya Mali ya Wanawake Walioolewa. Sheria hiyo ilisafiri. Mwaka wa 1971 Mahakama Kuu iliamua kwamba inatumika Kenya, nayo ikaendelea kuamua kesi za mali ya ndoa hapa nchini hadi Bunge lilipopitisha Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Kwa miongo minne, mke wa Voi aliyeachana na mumewe alihukumiwa kwa sheria iliyotungwa Middlemarch ikiwa na umri wa miaka kumi tu.

Waandishi wa Kenya waliuona mwanya huo. Katika The River and the Source ya Margaret Ogola, iliyotoka 1994, Akoko ananyang'anywa kiti na mali na shemeji yake baada ya kufiwa, na anasafiri hadi Kisumu kuishtakia serikali ya kikoloni. Paulina wa Coming to Birth, riwaya ya 1986 ya Marjorie Oludhe Macgoye, anawasili Nairobi mwaka wa 1956 akiwa na miaka 16, mke asiyejua njia ya kurudi nyumbani. Anajikomboa kwa kujifunza kazi na kulipwa, si kwa kupendwa zaidi. Macgoye mwenyewe alizaliwa Southampton, akaja Kenya 1954 na kufia huku mwaka wa 2015, kwa hiyo ni halali kumhesabu pande zote mbili.

Wakazi wa Kasigau wana sababu ya ziada ya kujali hati na mipaka: mwaka wa 1915 Waingereza waliwahamisha kwa nguvu hadi Malindi, wakiwashuku kuwasaidia Wajerumani. Leo akina mama wa vijiji vinavyouzunguka mlima huo husuka vikapu vya katani na kuviuza, na fedha hizo hununua unga, hulipa karo na hujenga.

Hapo ndipo sheria mpya inapohitaji kusomwa kwa makini. Ile ya 2013 inatambua kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kilimo kuwa mchango wa mke. Lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba usawa wa wanandoa katika Katiba haumaanishi kila mmoja kupata nusu ya mali. Ni lazima aonyeshe mchango wake, wa fedha au usio wa fedha. Mabati yaliyonunuliwa kwa pesa za vikapu miaka 15 iliyopita, aghalabu risiti yake iliandikwa jina la mume.