Diski Pacha na Kompyuta Inayogoma Kuwaka

Simu ilinikuta bado nakunywa chai. Usiku umeme ulikatika Chake Chake, ukarudi alfajiri, na kompyuta ya duka moja la dawa ikagoma kuwaka. Feni inazunguka, taa ya mbele inawaka, lakini skrini ni nyeusi na ina mstari mmoja tu: haioni diski ya kuanzia. Ndani yake mna hesabu za dawa na majina ya wanaodaiwa. "Fundi," akaniuliza dada wa zamu nilipofika, "si mlituambia diski ni mbili, moja ikifa nyingine inashika?"

Aliuliza kwa haki. Diski ni mbili kweli, na kila kinachoandikwa kwenye moja huandikwa pia kwenye nyingine. Mtindo huu ni wa zamani. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliuweka katika mpangilio wao wa RAID wakaupa namba 1. Tatizo ni kwamba sisi mafundi tunapouza diski pacha hatumwambii mteja jambo moja: upacha hulinda kumbukumbu, wala hauhakikishi kwamba mashine itawaka.

Ukibonyeza kitufe, wa kwanza kuamka ni baiosi, programu ndogo iliyomo kwenye bodi ya kompyuta. Yeye hajui habari za upacha. Anaitazama diski moja, ile iliyo mbele kwenye orodha yake, na kusoma kipande cha mwanzo kabisa chenye baiti 512. Kati ya hizo, baiti 446 ni za kiamsha mfumo, 64 ni ramani ya sehemu za diski, na mbili za mwisho ni muhuri. Sasa, kwenye Linux upacha kwa kawaida hufungwa juu ya sehemu za diski, na kipande hicho cha mwanzo kiko nje ya sehemu hizo. Fundi akiweka kiamsha, tuseme GRUB, kwenye diski ya kwanza peke yake, ya pili itabeba kumbukumbu zote bila wa kuufungua mlango. Mashine mpya zenye UEFI nazo zina yake: faili za kuamshia hukaa kwenye sehemu ndogo ya FAT ambayo mara nyingi haimo kwenye upacha, hivyo lazima uinakili kwa mkono kwenye diski ya pili na kuisajili.

Hayo ndiyo yaliyokuwa pale dukani. Nilipofungua kasha nikakuta plagi ya waya wa diski ya kwanza ina ukungu wa kijani kwenye meno yake. Hapa Pemba hatuko mbali na bahari popote, na hewa ya chumvi huila shaba polepole bila mtu kuona. Baiosi haikuiona diski ile. Ikaigeukia ya pili, na ya pili haikuwa na kiamsha.

Njia ya mkato ilikuwa wazi: niwashe kwa flashi, niweke GRUB kwenye diski ya pili, duka lifunguliwe. Ningefanya hivyo ningewaharibia kazi ya wiki tatu.

Kila diski ya upacha wa Linux ina kibandiko chake cha ndani chenye tarehe ya mwisho kuandikwa na hesabu ya matukio. Nilikisoma cha diski ya pili: tarehe yake ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Ilikwishatoka kwenye upacha siku nyingi, huenda kwa kukatika umeme kwingine, na mashine ikaendelea na moja bila mtu kujua. Kinachotisha ni kwamba kibandiko hicho kilidai diski zote mbili ni nzima. Diski iliyotolewa haijui kwamba imetolewa, kwa sababu imekatwa kabla habari haijaifikia. Nilipobadilisha waya wa diski ya kwanza na kukisoma kibandiko chake, ndipo nikaona ukweli: hesabu yake ya matukio ilikuwa kubwa zaidi, na mwenzake amewekewa alama kwamba hayupo.

Basi usiunganishe chochote kabla hujalinganisha hesabu hizo mbili. Ukiiamuru mashine ioanishe diski huku umeshika ya zamani kama ndiyo chanzo, itaifuta mpya kwa utiifu kamili. Mimi kwanza huinakili diski yenye habari mpya kwenye diski ya tatu, hata kama mwenye duka amesimama mlangoni na wateja wanauliza. Na diski ya tatu iwe kabatini tayari, maana ukiisubiri ya kuagiza itakuja kwa boti mpaka Mkoani.

Kuna chanzo kingine ninachokutana nacho sana kwenye mashine ambazo upacha wake umefungwa na bodi yenyewe: betri ndogo ya duara, CR2032, ya volti 3. Ikiisha, kila umeme ukikatika baiosi husahau mipangilio, ukiwemo ule unaosema diski hizi ni pacha. Windows huanza kupakia kisha huanguka kwenye skrini ya buluu. Tazama saa ya baiosi. Ikiwa imerudi nyuma miaka kadhaa, badilisha betri na urejeshe mpangilio wa RAID kabla ya kujaribu kuwasha tena na tena, kwa sababu kila jaribio linaweza kuandika kwenye diski moja na kumwacha mwenzake nyuma.

Tangu mwaka 2010 umeme wetu unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na ni nafuu kubwa ukilinganisha na enzi za majenereta ya Wesha. Lakini bado unakatika. UPS ni ya lazima, na kila Jumatatu mtu atazame hali ya diski: kwenye Linux, [UU], yaani diski zote mbili zimo, ni heri; [U_], yaani moja imetoka, ni kumwita fundi siku hiyohiyo.

Pale dukani diski ya pili ilirudishwa kwenye upacha baada ya nakala kukamilika. Kwa mwendo wa megabaiti 120 kwa sekunde, terabaiti moja huchukua zaidi ya saa mbili, nasi tulisubiri. Kisha nikaweka kiamsha kwenye diski zote mbili, nikazima, nikachomoa waya wa diski ya kwanza na kumwomba dada abonyeze kitufe mwenyewe. Orodha ya dawa ikatokea. Kabla ya kufunga kasha nikaandika kwa kalamu ya wino mzito, juu ya kila diski, namba yake na tarehe ya siku ile.