UPEPO WA KUSI UMEINGIA: TUCHANJE KUKU KABLA YA KIDERI

Mwezi huu tuongee habari za mifugo, maana kusi imeshaingia. Usiku baridi inapenya mpaka ndani ya mahema, nyasi zinaanza kukauka, na wanyama wetu ndio wanapata tabu.

Huku pwani ya kaskazini ng'ombe ni wachache tangu zamani, sababu ya mbung'o. Mali yetu ni kuku, bata na mbuzi. Wengi wetu tuliviacha vyote tulipokimbia, wengine tangu vita vilipoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, wengine Palma iliposhambuliwa Machi 2021. Leo hapa kambini mtu ameanza upya na tetea mmoja au wawili. Huyo tetea ndiye daftari la mtoto, ndiye sabuni, ndiye nauli ya hospitali. Akifa, nyumba nzima imerudi nyuma.

UGONJWA WENYEWE

Ugonjwa unaomaliza kuku ni kideri, wengine wanauita mdondo. Wazungu wanauita Newcastle, jina la mji wa Uingereza ambako ulionekana miaka ya 1926 na 1927. Unaweza kuja wakati wowote, lakini unapenda miezi ya ukavu, kuanzia baridi hii mpaka karibu na mvua za kwanza.

Dalili zake wazee wetu wanazijua: kuku anasinzia, mabawa yanashuka, anahema kwa shida, anaharisha kijani. Wengine shingo inapinda au miguu inapooza. Ndani ya siku chache wanakufa, na ukiingia kwenye banda lisilochanjwa unaweza kuwafagia karibu wote. Dawa ya kutibu hakuna. Vidonge vya watu tunavyowasagia kuku ni kupoteza pesa bure.

KAMBINI HATARI NI KUBWA ZAIDI

Kijijini nyumba zilikuwa mbalimbali. Hapa kuku wangu anakula mlangoni kwako, na wako anakunywa kwenye beseni langu. Kideri kinatembea kwa mavi, kwa mate, kwa kikapu, hata kwa viatu. Na kuna tabia moja jamani tuiache: mtu akiona kuku wanaanza kufa, anakimbilia sokoni kuuza waliobaki. Anayenunua anapeleka ugonjwa kwake, na kesho unarudi kwa jirani yako.

CHANJO IPO

Chanjo inayofaa kwetu inaitwa I-2. Mbegu yake ilitoka Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na Msumbiji ilianza kujaribiwa vijijini miaka ya 1990. Uzuri wake inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, kwa hiyo inafika hata pasipo na umeme. Lakini isipigwe na jua. Ifunikwe kwa kitambaa kibichi na kukaa kivulini.

Kazi yenyewe ni nyepesi: tone moja kwenye jicho moja, basi. Jogoo tone moja, kifaranga tone moja. Mshike kuku mpaka tone lienee jichoni ndipo umwachie. Nguvu inakuja baada ya wiki moja mpaka mbili, na baada ya miezi minne inabidi kurudia. Ndiyo maana hapa Msumbiji kampeni huwa Machi, Julai na Novemba.

Sasa sikilizeni hapa. Chupa moja inatosha kuku wengi sana, na ikishafunguliwa haikai. Mwenye kuku wanne hawezi kununua chupa peke yake. Tukichanga mstari mzima wa mahema, kila mmoja anatoa kidogo tu. Tena ukichanja wewe na jirani asichanje, vifaranga watakaozaliwa kwako kesho bado wako hatarini. Kwa hiyo kila mstari uchague mtu mmoja, mama au kijana, aandike idadi ya kuku, akusanye mchango, na aende na viongozi wetu kuuliza chanjo kwa watu wa mifugo wa wilaya (SDAE).

NYUMBANI TUFANYE NINI?

1. Banda liinuliwe juu kwa miti au mianzi, mavi yadondoke chini. Upande wa kusi uzibwe kwa makuti, upande wa pili uachwe upitishe hewa.
2. Maji yabadilishwe kila siku na chombo kioshwe.
3. Majivu yatandazwe kwenye viota kupunguza utitiri.
4. Kuku mgeni atengwe wiki mbili kabla ya kuchanganywa.
5. Aliyekufa achomwe au azikwe shimo refu, pamoja na manyoya na matumbo. Asitupiwe mbwa.

NA MBUZI JE?

Mbuzi msimfungulie alfajiri. Subirini umande ukauke, maana minyoo inapanda kwenye majani mabichi ya asubuhi. Alale pakavu, kwenye kichanja. Na sasa hivi watu wanavuna, majani ya karanga na kunde msiyachome moto. Yaanikeni na kuyaweka juu, Septemba mtayatafuta.

MASWALI MNAYOULIZA

Kuku aliyechanjwa analiwa? Ndiyo, na mayai yake pia. Chanjo hii haidhuru mtu.

Kuku wangu wameshaanza kuumwa, niwachanje? Hapana. Chanjo inakinga, haiponyi. Watenge, usiuze, na waambie majirani mapema.

Ikichanjwa halafu kuku akafa, chanjo mbaya? Si lazima. Kuna ndui ya kuku, mafua na minyoo pia. I-2 inazuia kideri peke yake.

Ndugu zangu, tulivyoviacha nyuma hatuwezi kuvichunga kutoka hapa. Hivi tulivyonavyo tunaweza. Julai haiko mbali, anzeni kuhesabu kuku wiki hii. Wasiojua kuandika, watumeni watoto. Darasani tumeshafanya hesabu za kugawana chupa na wanaziweza vizuri.

Tuonane toleo lijalo.