Mbona Kope Hazilingani Kisha Kupasuliwa?



Ugonjwa wa vikope (trakoma) ukikaa miaka mingi, kope inajikunja kwa ndani, na nywele zake zinakwaruza jicho mchana na usiku. Mwisho wake ni upofu. Juu ya hiyo munganga alikupasua: alikata kope, akaigeuza kwa nje, akaishona na nyuzi.

Sasa unajitazama katika kioo, unaona jicho moja kubwa, lingine dogo. Jirani anasema, «Walimuharibu.» Usimsikilize mbio.

SABABU NI NINI?
Ngozi ya kope ni laini, inavimba sana. Macho mawili hayaponi mwendo mmoja. Tena munganga anageuza kope kwa nje kupita kidogo, kwa kusudi, kwa sababu inaweza kurudia ndani. Uvimbe unapungua katika majuma ya kwanza. Umbo la kope linatulia kwa miezi. Pengine alama ndogo itabaki. Lakini jicho halipimwi kwa uzuri. Jiulize maneno mawili: Kope inafunga vizuri nikilala? Nywele hazigusi jicho tena? Kama ni ndiyo, kazi ilifaulu.

UFANYE NINI?
1. Rudi kesho yake, munganga atoe kitambaa.
2. Nawa mikono, kisha paka pomadi ya tetrasikline kama ulivyoonyeshwa.
3. Usitie majani, mkojo wala maziwa ya kifua. Usisugue.
4. Usikate nyuzi wewe mwenyewe. Rudi siku uliyopewa, kati ya siku ya 8 na ya 14.
5. Rudi tena kisha miezi 3 mpaka 6, hata kama hausikii maumivu.

USINGOJE SIKU YA KURUDI, KUJA LEO:
– maumivu yanazidi, ao usaha unatoka;
– macho hayaoni kama mbele;
– kope haifungi;
– nyama nyekundu inaota kwa ndani ya kope;
– nywele zinachoma tena. Kuzing'oa hakutoshi, zinaota upya.

NA WATOTO?
Sisi wamama tunapata ugonjwa huu kupita wanaume, kwa maana tunalala na watoto na kuwapangusa. Uchafu wa macho unapita kwa mikono, kwa nguo na kwa mainzi. Kila asubuhi osha uso wa kila mtoto. Usipanguse wawili na kitambaa kimoja. Mungu ametupa macho. Binti yako asifike siku moja kupasuliwa kope kama wewe.