Mtani Matangani

Siku ya pili ya matanga ya mkaza mjomba wangu, huko Kisarawe, baada ya sala ya alasiri, wanaume tulipokuwa tumeketi mikekani chini ya mwembe tukizungumza kwa sauti ya chini, na wanawake wamejaa ukumbini kila mmoja na huzuni yake, aliingia uani mzee mmoja wa Kinyamwezi, jirani wa siku nyingi, amejifunga kanga ya marehemu kiunoni na ya pili yake amejitanda kichwani, na mkononi ameshika upawa, akitembea mwendo ule ule wa marehemu wa kuburura mguu wa kushoto, akafululiza mpaka mbele ya mjomba, akasimama, akamwambia kwa sauti ya marehemu mwenyewe, nyembamba na yenye kukwaruza: "Maji ya kuoga nimekutilia tangu adhuhuri, yamekwisha poa, nawe umekaa hapo unalia. Unanililia mimi, au unazililia zile shilingi nilizokuficha mtungini?"

Uani kulikuwa kimya. Mjomba, ambaye tangu maziko hakuwa ametia kitu kinywani ila maji, aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kumtikisika, na sisi vijana tukadhani kilio kimemrudia. Kumbe ni kicheko, kilichoanza kifuani kama kikohozi, kikapanda, kikamtoa machozi, mpaka akamshika mtani wake mkono ili asianguke. Wanawake nao ukumbini wakaangua kicheko, wengine wangali wanalia. Alipotulia alijifuta uso kwa mkono wa kanzu, akavuta pumzi ndefu, akaomba uji.

Nilikuwa kijana wa shule wakati ule, na mzee yule nilimwona amevunja heshima ya msiba. Miaka mingi imepita, na kila nisomapo habari za kicheko na siha fikira zangu hurejea uani pale, kwa kuwa mambo ambayo wataalamu wa Uingereza, Ufini na Marekani wameyapima kwa vyombo vya thamani kubwa niliyaona kwa macho yangu yakitendeka kwa kanga mbili na upawa.

Kicheko, kikitazamwa kwa jicho la tabibu, ni kazi ya pumzi kwanza. Kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, pamoja na misuli iliyo baina ya mbavu, hujikunja kwa mapigo mafupi ya haraka na kuisukuma hewa nje, kila pigo likatoa mlio mmoja; na Robert Provine, profesa wa saikolojia huko Maryland, Marekani, aliyekipima kicheko kama mwanamuziki apimavyo noti, alikuta kwamba kila mlio huchukua kadiri ya sehemu 75 katika elfu moja za sekunde, na kutoka mwanzo wa mlio mmoja hadi mwanzo wa mwingine ni sehemu 210, hata katika sekunde moja hutoka milio ipatayo mitano. Mapigo ya moyo huenda mbio, damu ikapanda usoni. Kisha, kicheko kikikoma, misuli hulegea kuliko ilivyokuwa kabla. Mtu asemaye kwamba amecheka hata akaishiwa nguvu hatii chumvi: waganga wa mishipa ya fahamu wameonyesha kwamba wakati wa kicheko cha kweli uwezo wa neva kuamsha misuli ya miguu hupungua hasa, na ndiyo maana mjomba alihitaji mkono wa kushika.

Liko na jambo jingine la ajabu katika maumbile ya kicheko, nalo ni kwamba hakimtii mwenyewe. Tabibu wa Kifaransa Guillaume Duchenne alieleza mwaka 1862 kwamba msuli unaozunguka jicho, ule ukunjao ngozi pembeni, haushiriki katika tabasamu la kulazimishwa, bali huitika furaha ya kweli tu. Wanaowatibu wagonjwa wa kiharusi hukutana na ushahidi mwingine wa neno hilo: yuko mgonjwa ambaye, akiambiwa aonyeshe meno, upande mmoja wa mdomo husogea na wa pili ukakaa kama umekufa, lakini mgonjwa huyo huyo, likimpata jambo la kumchekesha, mdomo wote hufunguka. Njia ya ubongo inayobeba amri ya hiari ni moja, na njia inayobeba furaha ni nyingine, na maradhi yanaweza kuikata ile na kuiacha hii nzima.

Sasa je, kicheko kinatibu? Mwaka 2011 Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walitangaza matokeo ya majaribio yao, ambayo kwa hakika ni mepesi kuyaelewa. Waliwapima watu ustahimilivu wa maumivu, mathalani kwa kuwavika mkononi mfuko wenye baridi kali wa kupozea chupa za mvinyo, au kwa kukijaza hewa kile kitambaa cha kupimia presha mpaka mtu aseme basi. Kisha wakawaonyesha baadhi yao michezo ya kuchekesha na wengine filamu zisizo na kichekesho, wakawapima tena. Waliocheka walistahimili maumivu zaidi kuliko mwanzo. Wasiocheka hawakuongeza kitu. Wakaenda hata kwenye tamasha la michezo ya jukwaani mjini Edinburgh, wakawataka watazamaji waegemee ukuta wamekunja magoti kama walioketi juu ya kiti kisichokuwapo, kabla ya mchezo na baada yake, ili waone nani atastahimili uchungu wa mapaja. Na matokeo yalifuata njia ile ile.

Maelezo yao ni kwamba mtikisiko wa kifua huufanya ubongo utoe endofini, ambazo ni jamaa ya afyuni, ila hii ni afyuni inayotengenezwa na mwili wenyewe, yenye kutuliza maumivu na kuleta raha. Hilo lilikuwa dhana yenye nguvu mpaka mwaka 2017, wataalamu wa Turku, Ufini, walipochukua wanaume 12 wenye afya, wakawapiga picha za ubongo kwa mashine baada ya kila mmoja kukaa peke yake chumbani nusu saa, na mara nyingine baada ya kukaa nusu saa akicheka pamoja na rafiki zake wa karibu. Nazo picha zikaonyesha kwamba baada ya kicheko cha pamoja dawa hiyo ya mwili ilikuwa imemiminika kwa wingi katika sehemu za ubongo zinazohusika na hisia. Watu 12 ni wachache, wala wataalamu wale hawakudai zaidi ya walichokiona. Lakini nawaomba wasomaji walitie maanani neno moja lililomo katika jaribio hilo, nalo ni rafiki.

Provine alikuwa amelifikia neno hilo kwa njia ya miguu, yeye na wanafunzi wake wakipita madukani na njiani kusikiliza watu wanavyocheka, mpaka wakakusanya vicheko 1,200. Walichokikuta kiliwastaajabisha: vicheko vilivyofuata maneno yanayoweza kuitwa ya kuchekesha havikufika hata sehemu moja katika tano. Vingi vilifuata maneno ya kawaida kabisa, ya aina ya haya, tutaonana, au unatoka wapi wewe. Na katika uchunguzi mwingine wa watu walioandika kila walipocheka, ilidhihirika kwamba mtu aliye pamoja na wenzake hucheka mara 30 zaidi ya aliye peke yake bila redio wala televisheni. Kicheko basi ni namna ya kusema nipo nawe, na kichekesho ni kisingizio chake tu, mara nyingi kisichohitajiwa.

Wazee wetu waliotuachia utani walilitambua jambo hili wakaliwekea kanuni. Wazee wengi husimulia kwamba utani baina ya makabila ulizaliwa na vita vilivyokwisha kwa mapatano, au na safari za misafara baina ya Unyamwezi na mrima, ambapo mgeni wa mbali alihitaji mtu wa kumsitiri akiugua na kumzika akifa. Wageni waliokaa Tanganyika waliona uzito wake: R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyeishi Amani katika milima ya Usambara, aliuandikia makala katika miaka ya 1940, akaorodhesha ni kabila lipi mtani wa lipi. Mtani ana haki ya kukutukana, kukunyang'anya kuku wako na kulala kaburini mpaka apewe chochote. Lakini pia ana wajibu wa kulichimba kaburi hilo. Anayekuchekesha matangani ni yule yule aliyebeba jeneza. Aliyekuwa hana haki hiyo, lau angaliingia uani kwetu na kanga za marehemu siku ile, angalitolewa kwa bakora, na kwa haki.

Watu wengi, wakizungumzia kicheko kama dawa, hutaja habari za Norman Cousins, mhariri mashuhuri wa Marekani, ambaye mwaka 1964 alirudi kutoka Moscow akashikwa na maradhi ya viungo na uti wa mgongo yaliyomfanya ashindwe hata kugeuka kitandani, akaambiwa kuwa tumaini la kupona kabisa ni moja katika mia tano. Alihama hospitali akapanga chumba cha hoteli, akawa anatumia vitamini C kwa wingi na kutazama filamu za kuchekesha za ndugu wa Marx, naye akaandika kwamba dakika kumi za kicheko cha kutoka tumboni zilimpa saa mbili za usingizi usio na maumivu. Habari zake zilichapishwa mwaka 1976 katika jarida kubwa la matabibu la New England, kisha zikawa kitabu mwaka 1979; na yeye aliishi mpaka mwaka 1990.

Mimi naamini kila neno la zile saa mbili za usingizi, kwa kuwa zinaafikiana na yaliyoonekana Oxford na Turku. Kwamba kicheko ndicho kilichomponya maradhi yenyewe, hilo halithibitiki kwa habari za mtu mmoja, tena aliyekuwa akitumia na dawa nyingine, kwa ugonjwa ambao huweza kupungua wenyewe. Wanaomsimulia husahau pia kwamba hakuwa peke yake chumbani: alikuwa na muuguzi wa kumwekea filamu na kumsomea vitabu vya vichekesho, na tabibu rafiki aliyemsikiliza. Vivyo hivyo uchunguzi wa Maryland wa mwaka 2005, uliokuta kwamba mishipa ya damu ya watu 20 ilipanuka vizuri zaidi baada ya filamu ya kuchekesha na kubana baada ya filamu ya vita, ni habari njema, wala hautoshi kumfanya mwenye presha auache mfuko wake wa vidonge hata siku moja.

Na si kila kicheko ni furaha. Tarehe 30 Januari 1962, haujatimia miezi miwili tangu Tanganyika ipate uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka wasiweze kujizuia. Hali hiyo ikaenea hata ikawapata wanafunzi 95 kati ya 159, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa, nao waliporudi makwao ikaibuka Nshamba na mahali pengine. Matabibu Rankin na Philip, walioandika habari zake mwaka 1963, hawakukuta sumu katika chakula wala kiini cha maradhi katika damu. Watoto wale walikuwa wakicheka na kulia, wakikimbia ovyo, wengine wakisema wanafukuzwa na kitu. Inanisikitisha kwamba tukio hilo husimuliwa mpaka leo ulimwenguni kama kituko cha kufurahisha, hali lilikuwa dhiki ya nafsi iliyowaelemea mabinti wadogo walio mbali na mama zao, ikatafuta mlango wa kutokea. Mzazi au mwalimu amwonaye mtoto akicheka pasipo sababu na asitulie asimcheke naye. Ampeleke kwa tabibu.

Ziko hadhari nyingine za kutajwa kwa ufupi. Aliyepasuliwa tumbo karibuni, au mwenye ngiri, mtikisiko wa kicheko waweza kumwumiza. Mwenye pumu huweza kubanwa kifua akicheka sana, na hiyo ni dalili kwamba maradhi yake hayajadhibitiwa, akaonane na mganga. Wanawake waliozaa ambao mkojo huwatoka wakicheka wasione haya kulisema kliniki, kwani mazoezi ya misuli ya nyonga husaidia wengi wao.

Mjomba aliishi miaka tisa baada ya msiba ule. Katika mwaka wa sita mzee wa Kinyamwezi alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukapooza wote, maneno yakawa mazito, akawa hakishiki hata kikombe. Nikamsindikiza mjomba kumtazama. Njiani hakusema neno. Tulipofika alisimama mlangoni, hakubisha hodi wala hakuuliza hali, akapiga bakora yake chini akasema kwa ukali kwamba amekuja kuchukua kanga mbili za mkewe, na kwamba hatoki pale bila hizo na upawa. Mgonjwa aligeuza kichwa polepole, akamtazama, kifua kikaanza kumtikisika. Nami niliyekuwa nyuma ya mjomba niliona mdomo ule, ambao asubuhi muuguzi aliuamuru ufunguke ukafunguka nusu, unasogea pande zote mbili.